Nani Atamkemea Mfalme?

Tuseme ukweli hata ukituuma. Sisi Wakristo wa kiinjilisti nchini Kenya tumejisifu kwamba kura zetu humwingiza mtu Ikulu. Je, tumewahi kuuliza kura hizo zimeliingiza kanisa wapi?

Mwaka 2010 wengi wetu tulipinga katiba mpya kwa ajili ya mahakama za Kadhi na kifungu cha uavyaji mimba. Zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wakaipitisha. Somo hilo halikutuingia. Mwaka 2022 wachungaji wetu wengi walimwekea mikono William Ruto. Anajua nyimbo zetu, anataja maandiko, hupiga magoti. Aliposhinda kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura, tulisema maombi yamejibiwa.

Lakini tulimpima kwa kipimo gani? Kwa kuomba kwake. Kuhusu ushuru, deni la taifa na dawa hospitalini, hatukumuuliza neno.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, ambao awali ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate. Vijana wakajaa barabarani, na Juni 25 wakaingia Bungeni. Wengine walipigwa risasi wakafa. Hao ni watoto wetu, tuliowafundisha shule ya Jumapili. Walipotugeukia na kuuliza kwa nini madhabahu zetu zimejaa wanasiasa, wengi wetu tulikosa jibu. Tungesemaje, na paa la kanisa tulichangiwa na haohao?

Wenzetu wametutangulia. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika ibada za Kianglikana. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais. Sisi tunaojiita watu wa Neno tunangoja nini?

Mtu atasema, "Mkristo naye ni raia." Kweli kabisa, na apige kura. Danieli alitumika katika jumba la mfalme bila kumsujudia. Kura ni ya raia, bali madhabahu ni ya Mungu; hatuna ruhusa ya kuikodisha.

Uchaguzi wa 2027 unakuja. Mwanasiasa akija kuabudu, tumkaribishe, aketi kwenye benchi na wenzake. Sadaka yake aitie kapuni kimya kimya kama mama muuza mboga. Kipaza sauti asipewe. Akitaka kura zetu, tukutane naye nje ya ibada, tumuulize atamtendeaje mjane, yatima na kijana asiye na kazi.

Nathani aliweza kumwendea Daudi na kumwonyesha dhambi yake usoni kwa sababu hakuwa na deni lake. Sisi tumekula harambee, tumenyamaza. Tutubu, wapendwa, kabla hawajarudi na bahasha nyingine.