Tusimsingizie Mungu
Jumamosi iliyopita pale Igowole, ukungu wa Mufindi ukiwa bado umelalia mashamba ya chai, tulimzika mama wa watoto watatu. Msemaji akasema kama ilivyo desturi: kazi ya Mungu haina makosa. Bibi wa watoto, aliyekwisha kuzika wanawe wawili miaka ile UKIMWI ulipoufagia mkoa wa Iringa, hakuitikia. Alivuta kitenge akamfunika mjukuu mdogo. Nimerudi na kimya kile nyumbani. Mimi ni muumini, na sijui kwa nini Mwenye huruma huruhusu haya. Hata rafiki zake Ayubu walifaa siku saba walizokaa naye chini bila neno, wakaharibu walipoanza kueleza. Lakini najua kwamba dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na marehemu aliziacha kwa kuogopa macho yetu kliniki. Asiyekuja msibani kujitetea ndiye hutwishwa mzigo wote. Kumbebesha Mungu kifo kilicholetwa na unyanyapaa wetu ni kufuru, hata ikisemwa kwa sauti ya sala. Bibi yule sasa analea watatu, na mahindi yake hayajapaliliwa. Mwenye jembe aende.