Ndani ya Mbuyu, Mwaka 1891

Ndugu msomaji, sisi tuliolelewa na Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kisha tukachekeshwa na Ndumilakuwili na Madenge wa jarida la Sani, hatuna haki ya kuwakemea watoto kwa kupenda katuni. Ndiyo sababu Jumapili iliyopita, binti yangu wa darasa la sita aliponionyesha daftari la hesabu lililojaa picha badala ya hesabu, niliketi nikaisoma hadithi yote kabla sijauliza habari za hesabu.

Hadithi yenyewe ni ya kijana wa kwetu Mlali, wilayani Kongwa, anayeingia katika mbuyu wenye uwazi na kutokea upande wa pili katika mwaka 1891. Safari za namna hiyo si jambo jipya, Mwingereza H. G. Wells alichapisha riwaya yake ya mashine ya kusafiria katika wakati mwaka 1895. Lakini mashine inayozaa ubuyu sikupata kuiona, na kwa hilo nilimpa hongera. Mwaka nao ameuchagua vema, maana aliwahi kumsikia bibi yake akisimulia habari za sotoka.

Kwa faida ya vijana wa mjini wanaomjua ng'ombe akiwa buchani tu: sotoka ulikuwa ugonjwa wa virusi, jamaa ya surua inayowapata binadamu. Uliingia pwani ya Eritrea mwaka 1887, ukihusishwa na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Kufikia 1891 ulikuwa umeenea katika nyika za nchi ambazo leo ni Kenya na Tanzania. 1896 ukavuka mto Zambezi, na 1897 ukafika Rasi ya Tumaini Jema. Ng'ombe alianza kwa homa na machozi, kinywa kikajaa vidonda, akaharisha, na aghalabu hakumaliza wiki mbili. Mahali pengi, katika kila ng'ombe kumi walikufa wanane au tisa. Nyati nao hawakusalimika. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria Oscar Baumann aliwakuta Wamasai wa pande za Ngorongoro wamebaki mifupa mitupu kwa njaa. Na pale ambapo hapakuwa tena na mifugo ya kula machipukizi, vichaka vilirudi, na mbung'o pamoja navyo.

Basi, kijana wa binti yangu anatoka mbuyuni na mfuko wa chanjo. Kufikia ukurasa wa nne ng'ombe wote wamekwisha dungwa sindano, ukurasa wa tano watu wanacheza ngoma, na hadithi imekwisha.

Nilimwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba hapo ameiua hadithi yake kwa mkono wake. Chanjo iliyoutokomeza ugonjwa huo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, mnamo 1960, nayo kwa miaka mingi ilihitaji kutunzwa katika baridi tangu maabara hadi malishoni. Hata sisi wenye majokofu, malori na madaktari wa mifugo, sotoka ilitusumbua tena kaskazini mwa Tanzania mwaka 1982, ikarudi 1997. Ilipofika 2011 ndipo dunia ilipotangaza kwamba imekwisha kabisa, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Kijana mmoja na mfuko wake atafanya nini?

"Mnyang'anye huo mfuko," nikamwambia. "Abaki na yale anayoyajua tu."

Alinuna. Baadaye akauliza: "Baba, bila dawa anajua nini?"

Anajua jambo kubwa. Virusi vile havikudumu nje ya mwili wa mnyama; vilisafiri na mnyama mwenyewe, pua kwa pua, penye maji na zizini. Kundi lililotengwa liliweza kupona. Lakini tazama, ndugu msomaji, nani atakayeambiwa neno hilo. Mgogo mwenye ng'ombe wengi hakuwalaza wote katika zizi moja. Aliwakabidhi baadhi kwa rafiki, wengine kwa shemeji, ili ukame au wavamizi wakipiga huku, wale wa kule wasalimike. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima yake, na ndiyo iliyokuwa undugu wake. Fikiria sasa sotoka ikishika njia hizo hizo.

Kwa hiyo picha ninayoitaka mimi ni hii. Jioni inaingia. Rafiki wa miaka mingi amefika na mitamba wawili, macho yao yanatiririka machozi, anaomba wahifadhiwe. Mzee anaondoa magogo ya mlango wa zizi. Kijana mwenye nguo za ajabu, asiyejulikana ametoka wapi, anasimama katikati: "Babu, usiwapokee." Wewe ungemsikiliza? Binti yangu alisema ndiyo. Mke wangu alisema angefungwa kamba kwa uchawi kabla jua halijazama. Tulibishana hata chai ikapoa.

Katikati ya ubishi huo nikanyamaza, maana nilikumbuka jambo. Mwezi uliopita nilinunua mbuzi watatu mnadani, nikampelekea mama Mlali, na kumwagiza dereva awaingize moja kwa moja katika banda pamoja na wenzao. Mama akakataa. Akawafunga chini ya mkwaju kwa wiki tatu, ndoo yao ya maji mbali, akamwita afisa mifugo awatazame. Nilimpigia simu kwa hasira kwamba anawabagua mbuzi wangu. Akanijibu: "Mwanangu, hawa ni wageni. Mgeni simjui jana alilala wapi."

Mama hakukosea. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ya virusi vya ukoo ule ule, ilithibitishwa nchini mwaka 2008, na haijatokomezwa. Chanjo yake ipo, na mataifa yamejiwekea lengo la kuimaliza ifikapo 2030. Katika hadithi hii, rafiki mwenye mitamba wawili nilikuwa mimi.

Binti yangu ameufuta mfuko wa chanjo kwa kifutio hata karatasi ikatoboka. Anauchora upya ukurasa wa nne. Kijana yuko mlangoni pa zizi, mzee ameshika gogo mkononi, na kiputo cha maneno ya mzee bado ni kitupu. Amenikataza nisimsaidie.