Mvuvi wa Jumamosi na Haki za Nyumbani

Mpenzi msomaji, ni mazoea yetu katika safu hii kuzungumzia mambo ya nyumbani: malezi, matumizi, ukwe na ujirani. Wiki hii tutazungumzia samaki. Msomaji asidhani kuwa tumehama ukurasa. Atatuona tunarejea nyumbani kabla hatujamaliza.

Mwezi uliopita alitutembelea ndugu yetu mmoja tuliyekua naye Tanga, ambaye kwa miaka 16 sasa anaishi na familia yake katika jimbo la Georgia, Marekani. Alikuja na mkewe na watoto wawili, wa kiume wa miaka 13 na wa kike wa miaka 9. Baada ya sala ya Isha tuliketi barazani kwa kahawa na kashata, tukitaraji kusikia habari za kazi, za baridi ya huko, na za msikiti wao. Haikuwa hivyo. Hadi saa sita ya usiku ndugu yetu alikuwa akizungumza habari za samaki mmoja tu.

Samaki huyo huitwa besi. Ni samaki wa maziwa na mito, si wa baharini. Rangi yake ni kijani iliyokoza, ana mstari mweusi ubavuni, na mdomo wake ni mpana hata unapita nyuma ya jicho. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na watu wa Georgia wamemfanya kuwa samaki rasmi wa jimbo lao. Wasomaji wetu wa Kenya huenda wakamjua, kwa kuwa aliletwa katika Ziwa Naivasha miaka ya 1920, enzi za ukoloni, ili apatikane samaki wa kuvuliwa kwa mchezo.

Kwa mchezo! Neno hilo ndilo lililotufanya tuweke kikombe chini. Marehemu baba yake ndugu yetu huyu alikuwa mvuvi wa mshipi. Alitoka na ngalawa usiku, na asubuhi sisi watoto tulikwenda kumpokea pwani, tukabeba changu na nguru hadi nyumbani na sokoni. Mzee yule hakumrudisha samaki majini ila awe mdogo mno. Mwanawe, kinyume chake, hana samaki hata mmoja aliyempeleka jikoni. Kila anayemvua humpima, humpiga picha, kisha humrudisha ziwani.

Tulimwomba atueleze siku zake zinavyokwenda. Kazi yake ni fundi wa viyoyozi. Jioni anaporudi hufungua sanduku lake la chambo. Si chambo cha dagaa wala ngisi, bali chambo bandia: minyoo ya mpira laini, visamaki vya mbao na plastiki, vyura wa mpira wa kukokotwa juu ya majani ya maji. Huvipanga kwa rangi, vilivyofifia kwa siku za maji maangavu, na vyeusi au vya kung'ara kwa siku za maji ya tope. Kabla ya kulala huangalia katika simu upepo utavuma kutoka wapi na maji ya ziwa yana joto la nyuzi ngapi. Analo daftari ambalo ameandika kila samaki aliyemvua tangu mwaka wa kwanza: tarehe, hali ya anga, kina cha maji, chambo na uzito. Jumamosi, saa kumi za usiku, hufunga boti nyuma ya gari na kwenda Ziwa Lanier, lililotokana na bwawa lililojengwa katika mto Chattahoochee miaka ya 1950. Sala zake huzisali ufukweni, na hilo tulimpongeza. Hurudi nyumbani baada ya Magharibi.

Mambo haya yana historia yake. Mwaka 1967 wakala mmoja wa bima wa Alabama, Ray Scott, aliandaa mashindano ya kuvua besi katika Ziwa Beaver huko Arkansas, na baadaye akaanzisha chama cha wavuvi wa samaki huyo. Mashindano yakakua, wavuvi wakawa wengi, na ikaonekana kuwa wakiendelea kuua kila wanachovua maziwa yatabaki matupu. Ndipo mwaka 1972 Scott akaanza kuwahimiza washindani wahifadhi samaki wakiwa hai ndani ya matangi ya maji katika boti, wapimwe, kisha warudishwe. Desturi hiyo ikaenea hata kwa wasioshindana, na ndiyo anayoifuata ndugu yetu.

Lakini kisa alichokisimulia kwa furaha zaidi ni cha tarehe 2 Juni, 1932, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi huko Marekani. Kijana mkulima wa Georgia, George Perry, hakuweza kulima siku ile kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha mashamba. Akaenda na rafiki yake katika Ziwa Montgomery, wakiwa na chambo bandia kimoja tu ambacho walipokezana. Akamnasa besi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na kidogo. Mpaka leo hakuna aliyeipita rekodi ile kwa kiwango kinachotakiwa na kanuni. Mvuvi wa Japani, Manabu Kurita, aliifikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, na wote wawili huhesabiwa kuwa sawa. Perry alimpima samaki wake, akapata zawadi ya vitu vya thamani ya dola 75 kutoka katika shindano la jarida, na samaki mwenyewe akamchukua nyumbani, akapikwa, jamaa zake wakala.

Tulipolisikia hilo tulimwambia, "Huyo ndiye anayefanana na marehemu mzee." Ndugu yetu akacheka, akasema zama zimebadilika.

Asubuhi yake mama watoto alitusimulia upande wa pili, aliousikia jikoni kutoka kwa shemeji yetu. Shemeji hakulalamika kwa sauti kubwa, na hakumtaja mumewe kwa ubaya. Alisema kuwa mume wake hanywi, hachezi kamari, hana mwendo mbaya, na kwa sababu hiyo kila anayemweleza shida yake humwambia ashukuru. Naye anashukuru. Ila Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo watoto hawana shule wala chuo cha Qur'ani, na kwa miaka saba Jumamosi hiyo ni ya ziwa. Akasema, "Anajua joto la maji ya Lanier, hajui mwanawe yuko darasa la ngapi." Kisha akasema jambo lililomfanya mama watoto aache kukuna nazi. Boti ilinunuliwa kwa akiba ya miaka minne. Katika miaka hiyo minne hawakuweza kuja nyumbani, kwa kuwa nauli ya watu wanne ni nzito, na ni katika miaka hiyo hiyo baba yake shemeji alipofariki hapa Tanga. Alizikwa bintiye akiwa mbali.

Tulikaa na maneno hayo mchana kutwa. Si vyepesi kumkabili mgeni, tena rafiki wa utotoni, kwa jambo alilolisema mkewe kwa siri. Kufanya hivyo ni kumvunjia shemeji heshima. Basi usiku wa pili tulimwachia azungumze alitakalo, naye akarudi kwa besi. Safari hii alieleza uzazi wake.

Alisema kuwa majira ya kuchipua, maji yanapopata joto, besi dume huja penye kina kifupi na kusafisha mahali kwa mkia wake mpaka pawe kama sahani. Jike hutaga mayai hapo maelfu kwa maelfu, kisha huenda zake. Anayebaki ni dume. Huyapepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na tope lisiyafunike. Hula kidogo sana siku hizo. Chochote kinachosogea hukivamia, na hata mayai yakianguliwa huendelea kuandamana na kundi la vitoto mpaka vijimudu. Hapo ndipo mvuvi humpata kwa urahisi, kwa maana hafuati chambo kwa njaa. Anakifukuza mlangoni kwake. Na mara dume akiondolewa, visamaki vingine vilivyokuwa vikinyemelea pembeni huingia na kula mayai. Watafiti wa Canada na Marekani wameyafuatilia hayo, wakaona kuwa hata akirudishwa majini, huenda akakuta kilichobaki ni kidogo, au hakuna. Kwa ajili hiyo sehemu nyingi za jimbo la Ontario, Canada, hufunga uvuvi wa besi wakati wa kutaga. Georgia hakuna kufungiwa, lakini ndugu yetu mwenyewe, kwa hiari yake, hawagusi walio juu ya mayai. Alisema hawezi. Moyo humuuma.

Hatukuwa na neno. Kijana wake wa miaka 13 alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, na sisi tulidhani anachezea simu. Akainua kichwa akasema, "Baba, mbona hujawahi kutuambia haya?"

Ndugu yetu alianza kujibu, akanyamaza. Akaomba kahawa nyingine.

Mpenzi msomaji, hatuandiki haya ili kuharamisha kilicho halali. Kiumbe hawezi kuishi kwa kazi tupu. Mtu anahitaji mahali pa kutulizia moyo, na ukingo wa maji ni bora kuliko vijiwe vingi tunavyovijua. Kuhusu kuvua kwa ajili ya mchezo tu, bila kusudio la kula wala manufaa mengine, wanazuoni wana maneno yao, na mwenye kutaka hukumu amwendee shekhe wake. Safu hii haitoi fatwa. Sisi tunaangalia mlango wa nyumba.

Tunakumbuka kisa cha Salman na Abu Dardaa, Allah awaridhie. Salman alipomtembelea nduguye alimkuta mkewe amejiachia, hajipambi, kwa kuwa mume hakuwa na haja na dunia. Mchana kafunga, usiku kasimama katika sala. Salman akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, na ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akayasadikisha maneno ya Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuachwa imeze haki ya watu wa nyumbani, tusemeje kuhusu ziwa? Tusemeje kuhusu mpira wa Ulaya kila mwisho wa wiki, bao la mpaka usiku wa manane, au simu inayotuweka pamoja na watu wa mbali huku wa karibu wakitutazama?

Tunashauri mambo matatu. La kwanza, starehe ya mmoja ipangiwe siku kwa mashauriano, si kwa desturi iliyojijenga yenyewe mpaka hakuna anayekumbuka ilianzaje. La pili, fedha yake ihesabiwe mezani pamoja na nauli, karo na wagonjwa wa pande zote mbili za ukwe. La tatu, ambalo tulifunzwa na yule kijana, mwenye starehe awafungulie wenzake mlango wake. Mke na watoto hawakuumia kwa saa peke yake. Waliumia pia kwa kuwa baba alikuwa na furaha kubwa maishani mwake, naye akaipeleka kwingine kila wiki, wakabaki kuona boti ikitoka na boti ikirudi. Sisi tulimpenda mzee mvuvi wa Tanga, ingawa alikuwa akilala baharini, kwa sababu asubuhi tulimpokea pwani na kubeba alichokileta.

Wiki iliyopita tulipata ujumbe wake. Boti bado anayo, na hatukumwambia aiuze. Ameahidi Jumamosi mbili za mwezi ziwe za nyumbani, na shemeji amesema ataziona kwanza ndipo aamini. Jumamosi ya kwanza aliwachukua watoto kwenye kidimbwi kilicho karibu nao, wakavua kwa minyoo ya kuchimbwa. Binti alinasa samaki mdogo, bapa, anayelingana na kiganja cha mtu mzima, mwenye umbo la perege. Baba akanyoosha mkono amrudishe majini kama ilivyo ada yake. Binti akakataa. Akauliza, ikiwa babu alileta samaki nyumbani, kwa nini wao wasilete?

Sheria ya huko iliruhusu, wakamchukua. Ndugu yetu anasema ilimbidi asimame jikoni na kisu akimpara magamba, jambo ambalo hakulifanya tangu alipoondoka Tanga, huku binti ameshika sahani na mwanawe anauliza hili na lile. Samaki alitosha tonge moja moja kwa kila mtu. Shemeji ndiye aliyemkaanga, na ameongeza neno lake mwisho wa ujumbe: kwamba chumvi ilizidi, na kwamba walimaliza.

Tunamwomba Allah azitie baraka nyumba zetu na nyakati zetu. Amin.