Lawama ya maganda ya masasi ianze kwenye mizani

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mnunuzi mmoja wa vyuma vikuukuu, mitraille kama tunavyosema hapa Goma. Nilikuwa natafuta chuma cha kutengeneza mlango. Mtoto wa miaka kama kumi akaingia na bidoni iliyokatwa juu, imejaa maganda ya masasi.

“Papa, unipimie.”

Papa akapima. Hakumwaga chini hata kidogo ili atazame. Mimi nilipoinama niliona mawili kati yao bado yako na vichwa. Hayo si maganda, ni masasi mazima. Nikamuuliza mtoto ameyatoa wapi.

“Kule juu, mu mashimo ya basoda. Baba iko Rubaya, hajatuma kitu.”

Wababa mulio kwenye mashimo ya coltan, maneno haya ni yenu pia. Tangu vita vilipoingia ndani ya mji mwezi wa Januari 2025, vitu vya basoda vimebaki mahali pengi: kwenye vilima vya upande wa Sake na Kibumba, kwenye mifereji, hata kwenye viwanja vya watu. Kila mara mtoto akiumia, tunasema: “Watoto wa leo hawasikii.” Mimi sikubali. Mtoto anafuata bei. Mutu anayenunua ganda leo anamtuma mtoto arudi kesho kutafuta lingine, na kesho atakachookota kinaweza kuwa grenade.

Na faida yenyewe ni ipi? Watu wanafikiri kila ganda ni shaba. Sivyo. Maganda mengi ya Kalashnikov ni chuma kilichopakwa rangi au shaba kidogo juu. Weka smaku, utaona inashika. Basi mtoto anahatarisha vidole na macho kwa bei ya msumari.

Kuna na wakubwa wanaonunua kwa sababu ingine. Wanataka kufungua risasi watoe baruti, wengine kwa bunduki za kuwinda, wengine wanasema itasaidia kupasua jiwe kwenye shimo. Ndugu zangu, kule Marekani kuna watu ambao kujaza maganda upya ni mchezo wao wa jioni. Wanaweza kubishana siku nzima kama vyombo vya RCBS vinapita vya Lee au vya Hornady. Wako na mizani ya kupima baruti na vitabu vya vipimo. Hata hao wako na sheria: baruti usiyoijua usiitumie, na risasi iliyojazwa na mutu usiyemjua usiipige. Sisi tunaokota kitu kilicholala kwenye mvua, hatujui kilitoka wapi, halafu tunakishika na koleo na nyundo. Huo si ufundi.

Na ndani ya shimo ni mubaya zaidi. Baruti ya risasi haikutengenezwa kwa kupasua jiwe, na moshi wake mahali pasipo hewa unaua mutu bila kelele. Wachimbaji wanajua vile hewa inavyokuwa shida kule chini.

Tuwaambie watoto waziwazi. Risasi iliyogongwa nyuma lakini haikulia bado inaweza kulia. Risasi ikitupwa kwenye moto wa makala inapasuka. Bomu lililorushwa likakosa kupasuka ndilo la kuogopwa kuliko yote, hata kama limeshika kutu. Ukiona kitu kama hicho, usiguse na usirushe jiwe. Rudi kwa njia ile ile uliyokuja nayo, weka alama mbali nacho, zuia wengine, mwambie chefu wa kartiye ili wenye kazi ya kutegua mabomu waitwe.

Lakini mafundisho peke yake hayashindi njaa. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanunuzi wa vyuma, mukatae kupima ganda lolote, tupu ao zima, na mukataliane pamoja, ili mtoto asifukuzwe kwa mumoja akapokelewa kwa mwingine. Na ninyi wakubwa wa mashimo, mchimbaji akikuta kitu cha vita, simamisheni kazi mahali pale bila kumkata malipo ya siku. Ukimkata, mara ya pili atanyamaza, na ukimya wake utawazika wengine.

Ule mtoto alipewa franga zake, akaenda akikimbia. Yale masasi mawili yalibaki kwenye lundo, kati ya mabati na rimu za baiskeli. Nilimwambia yule papa. Akanijibu: “Tangu zamani tunapima hivi, hakuna kitu.”

Hakuna kitu, mpaka siku kitakapokuwa.