Butura ya Mshahara: Hesabu ya Shangingi Lililotumika

Desemba inapokaribia, barabara itokayo Biharamulo kupitia Muleba hadi Bukoba hubadilika sura. Wana wa Kagera waliotawanyika Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam hurejea nyumbani, na kwa siku chache vijiji vya Nshamba na Kamachumu hushuhudia magari ambayo mwaka mzima hayakuonekana. Ni katika majira hayo hayo ambapo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa umma wilayani Muleba, ameniuliza kama anunue shangingi lililotumika. Ameonyeshwa Land Cruiser VX ya petroli, yenye injini ya lita 4.7 na silinda nane, umri wake ukikaribia miaka 20, kwa shilingi milioni 60. Fedha hizo atazikopa. Ameniruhusu nimjibu hadharani bila kumtaja, maana wanaojiuliza swali hilo ofisini kwake ni wengi.

Jambo la kwanza ni kufahamu kwa nini gari lililotengenezwa kwa ajili ya matajiri limeshuka hadi kufikiwa na mkopo wa mtumishi. Nchini Japani, gari la binafsi likishamaliza miaka yake mitatu ya mwanzo hulazimika kupita ukaguzi wa kisheria kila baada ya miaka miwili, na gari linavyozeeka ndivyo gharama za kulifikisha katika viwango hivyo zinavyoongezeka. Mwenye nalo hufika mahali akaona afadhali aliuze. Kwa hiyo, pamoja na gari, mnunuzi hurithi matengenezo ambayo mwenzake aliyakimbia. Bei ndogo ni malipo ya kuupokea mzigo huo.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya hiyo milioni 60 ni kodi. Gari linapoingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Injini ikizidi sentimita za ujazo 2,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Umri ukivuka miaka minane huja ushuru wa uchakavu, ambao huongezeka tena baada ya miaka kumi. Na juu ya yote hayo huja VAT ya asilimia 18. Tozo hizi hupandiana: inayofuata hukokotolewa juu ya jumla iliyokwisha kuvimbishwa na iliyotangulia. Aliyenunua shangingi kuukuu kwa mtu amemrudishia muuzaji kodi hizo, na hakuna siku barabara itamlipa yeye.

Sasa tuje kwenye matumizi. Tuchukue mfano wa kawaida, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na hali yake. Mtumishi anayekaa Muleba na kwenda Bukoba mara kwa mara, akiongeza safari za kijijini, misiba na harusi, hafiki mbali na kilomita 1,500 kwa mwezi. Injini ya aina hiyo ikitumia lita 16 kwa kila kilomita 100, atahitaji lita 240. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 720,000 kwa mwezi. Gari dogo linalotumia lita saba kwa mwendo ule ule lingekula shilingi 315,000. Tukumbuke pia kwamba bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi huwa juu zaidi Kagera kuliko Dar es Salaam, kwa sababu mafuta husafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika kwetu.

Mafuta ndiyo pia mahali kodi ilipojificha. Mwaka 2017 ada ya leseni ya magari ya kila mwaka ilifutwa, na mzigo wake ukahamishiwa katika bei ya mafuta. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara. Mwenye injini kubwa, kwa hiyo, hulipa kodi kila anaposimama kwenye kituo cha mafuta, na hulipa zaidi ya mara mbili ya jirani yake mwenye gari dogo.

Akitaka bima kubwa, na akipata kampuni itakayolikubali gari la umri huo, kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani. VAT ikiongezwa, anatoa shilingi 2,478,000 kwa mwaka. Akiridhika na bima ndogo ataokoa fedha, lakini siku gari litakapopinduka kwenye kona za Muhutwe atabaki na deni bila gari. Weka huduma ya kawaida mara nne kwa mwaka kwa shilingi 350,000 kila mara, na tairi nne za shilingi 700,000 kila baada ya miaka miwili. Jumla ya mafuta, bima, huduma na tairi inafika shilingi 13,918,000 kwa mwaka, yaani takriban shilingi 1,160,000 kila mwezi. Hapo bado shokapu hazijavuja, giaboksi haijagoma, na taimingi belti haijafikia muda wake. Deni nalo lipo palepale: milioni 60 kwa miaka mitano ni shilingi milioni moja kwa mwezi kabla ya riba.

Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Shangingi letu, likiwa zima, linakula zaidi ya mishahara miwili ya namna hiyo kila mwezi. Na tukipima kwa kipimo cha nyumbani, ikiwa kilo ya kahawa ya maganda itauzwa shilingi 4,000, gari hilo linahitaji karibu tani tatu na nusu za kahawa kwa mwaka. Ni kaya ngapi za Muleba zinazovuna kiasi hicho?

Wapo watakaosema kwamba Land Cruiser angalau ni ya Toyota, vipuri vyake vinafahamika na mafundi wetu wanaimudu. Ni kweli, na ndiyo maana nimetumia mfano huo badala ya Range Rover, ambayo matoleo yake mengi hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi na huhitaji kompyuta ili fundi ajue linaumwa nini. Kwa gari la namna hiyo, mtu wa Bukoba huagiza kifaa Dar es Salaam, au huvuka Mutukula kwenda kukitafuta Kampala, ambako ni karibu zaidi. Wakati huo gari limesimama uani, na deni linatembea.

Hoja ya barabara nayo ina uzito wake. Barabara ya Muhutwe hadi Muleba kupitia Kamachumu, yenye urefu wa kilomita 54, imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, na masika huko milimani hayana huruma. Lakini tuwatazame wanaopita barabara hizo kila siku: bodaboda, Noah, Probox na malori ya ndizi. Mgonjwa anayepelekwa Rubya au Ndolage mara nyingi hufika kwa vyombo hivyo. Mtu mwenye shamba kubwa au biashara inayomlazimisha kubeba mizigo milimani ana sababu ya kutafuta gari lenye nguvu, na gari hilo litajilipia. Mtumishi anayetoka nyumbani hadi ofisini kwa lami hawezi kuazima sababu hiyo.

Kinachobaki ni heshima, na hapa tuwe wakweli. Sisi Wahaya tumetaniwa kwa muda mrefu kwa jina la nshomile, watu wanaopenda kuonyesha kwamba wamesoma na wamefika. Lakini utani huo unaficha historia pana zaidi. Neno Wabenzi lilienea Afrika Mashariki baada ya uhuru kuwataja wakubwa wapya wa serikali na magari yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Alama ya gari halikuigusa. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza miiko, alama ilikuwa tayari imeota mizizi. Mkoani kwetu tulipata somo la ziada mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo na kuingia Ngara kwa mamia ya maelfu, na nyuma yao yakaja mashirika na misafara ya Land Cruiser nyeupe. Kijana aliyekua akitazama misafara hiyo alijifunza kwamba mwenye uamuzi huteremka kutoka gari refu.

Alichokuwa haoni ni anayelipa. Shangingi la serikali lina dereva wa serikali, mafuta ya serikali na karakana ya TEMESA. La shirika lina wafadhili. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtumishi anayenunua gari la namna hiyo kwa mkopo wake anaiga sura ya ofisi bila kuwa na hazina ya ofisi, na hazina hiyo itabidi aitafute mahali.

Hapo ndipo jambo la mtu binafsi linapogeuka kuwa la umma. Kanuni inataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Inamlinda na benki, lakini haimlindi na kituo cha mafuta, kwa sababu mafuta hayakatwi kwenye hati ya mshahara. Theluthi iliyobaki ikishindwa kulijaza tanki, atatokea mkandarasi mkarimu atakayelijaza. Hatadai chochote siku hiyo. Atadai siku ya kufungua zabuni, au siku ya kukagua darasa ambalo saruji yake ilipungua. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi kutamka mali zao kila mwisho wa mwaka. Ningependa fomu hiyo iulize pia: mali hii inatunzwa kwa fedha ipi?

Wakulima wetu wanaijua butura, biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya mtoto au ugonjwa haukuweza kusubiri msimu. Serikali imeipiga marufuku, na maofisa wametumwa vijijini kuwaonya wakulima wasiuze kesho yao. Ofisa anayekwenda kutoa onyo hilo akiwa amekwisha kuuza miaka mitano ya mshahara wake kwa ajili ya gari amefanya butura kubwa kuliko ya mkulima, na hana hata kisingizio cha njaa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni asilinunue. Anunue gari dogo analoweza kulimaliza kulipa mapema. Kila mwezi aiweke akiba tofauti ya mafuta peke yake, shilingi 405,000. Kwa mwaka ni shilingi 4,860,000, zinazotosha kuanzisha jambo la maana shambani kwa wazazi. Kama bado anasita, kwa miezi sita aweke kando shilingi 2,160,000 kila mwezi, kana kwamba gari na deni vimekwisha kufika. Akishindwa mwezi wa pili, atakuwa amepata jibu bila hasara.

Lakini ushauri kwa mtu mmoja hautoshi. Halmashauri zinazopanga bajeti zianze kuuliza ni safari zipi hasa zinazohitaji shangingi, na wakuu wa idara waonekane wakiteremka kutoka magari ya kawaida. Kijana wa Muleba hujifunza heshima kwa kutazama nani anapishwa njia. Akiona daktari, mwalimu na bwana shamba wanasikilizwa bila kujali walichofika nacho, hatakuwa na sababu ya kukopa milioni 60 ili asikilizwe.