Kisu nacho kina ijaza yake



Nyumba nyingi huingiwa na hofu zikiambiwa kuwa mgonjwa wao atapasuliwa na daktari anayejifunza. Sisi wa Mkiwa, ambao wagonjwa wetu hupelekwa Itigi au Singida, hatuna nafasi ya kuchagua daktari. Je, tukatae?

Hapana, ila kwa sharti. Kumbuka madrasa. Mwalimu hakukuvusha sura kwa sababu umekaa mkekani miaka mingi. Alikusikiliza, akakurekebisha, akaridhika. Upasuaji nao hufundishwa vivyo hivyo. Mwanafunzi hutazama, kisha husaidia, kisha hushika kisu mkubwa wake akiwa ubavuni, na mwisho hupasua mwenyewe huku mkubwa yuko karibu. Kila hatua hutiwa saini daftarini. Chuo cha wapasuaji cha COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, huandaa mabingwa wake hospitalini kwa njia hiyo, chini ya wasimamizi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za wilaya za Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya upasuaji mkubwa wa uzazi ilifanywa na madaktari wasaidizi, wasio na shahada ya udaktari. Matokeo yao hayakuwa na tofauti ya maana na ya wenye shahada. Basi usalama hauko kwenye cheti peke yake, uko kwenye mkono uliofundishwa na kupimwa.

Ninachokipinga ni msimamizi wa kwenye ratiba tu: jina lake lipo ukutani, mwenyewe yuko nyumbani, na kijana ameachwa peke yake usiku. Au kijana anaomba msaada, anakaripiwa; siku nyingine hathubutu kuita, na mgonjwa ndiye anayeumia. Tumefundishwa kuwa anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Kwa maoni yangu, anayemkabidhi kisu mtu asiyempima naye hana pa kuikimbia dhamana hiyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutia saini uliza kwa adabu: Nani atapasua? Nani anamsimamia, na yuko wapi sasa hivi? Lakini mama akiwa amekwama katika uchungu, usicheleweshe saini kwa kusubiri bingwa. Uliza huku anaandaliwa, na ndugu wawe tayari kutoa damu.

Wabillahi tawfiq.