Dubai na Lodwar Katika Kapu Moja

Makampuni yanayotabiri biashara yana desturi ya kuugawa ulimwengu katika kanda, na sisi yametutia kanda moja na Ghuba: Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa hesabu hiyo, daktari wa Dubai anayeingiza sindano kwenye ini huku akiifuata kwa skrini, na mgonjwa wa Lodwar anayesafiri mamia ya kilomita hadi Eldoret kutafuta kipimo hicho hicho, ni soko moja. Riyadh inaponunua, mstari wa chati hupanda, nasi huambiwa kwamba Afrika inakua.

Lugha hii ya soko tumekwisha kuilipia. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodi vifaa vya tiba kwa hospitali 98, zikiwamo mashine za eksirei na ultrasaundi, kwa mkataba wa miaka saba. Magavana kadhaa walisita kutia saini, mwishowe wakatia. Kila kaunti ilianza kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kisha makato yakapandishwa hadi milioni 200, liwe kaunti hilo lina mtu wa kuziendesha mashine au halina. Kamati ya Seneti iliyotoa ripoti yake mwaka 2020 ilikuta vifaa vilivyokaa bila kazi. Pengine umeme haukutosha, pengine maji, pengine hapakuwa na mtaalamu.

Katika daftari la muuzaji, mashine iliyofungiwa chumbani ni mauzo yaliyokamilika. Ndiyo maana utabiri wa soko unaweza kuwa sahihi kabisa na usitufae kitu.

Wenzangu wa idara ya uchumi watanijibu kwamba mtaji hutangulia, wataalamu hufuata. (Wao hawajawahi kupanga foleni ya eksirei wakiwa na mbavu iliyovunjika.) Sindano ile haiongozwi na picha, huongozwa na mtu aliyesoma miaka kumi na zaidi ili aielewe picha. Mtu huyo hakodishwi pamoja na mashine.

Basi kabla ya mkataba mwingine wowote kutiwa saini, bunge la kila kaunti lielezwe hadharani nani atakayezisoma picha, mshahara wake utatoka fungu gani, na umeme ukikatika saa nane usiku, nani atanunua mafuta ya jenereta.